Tumempokea

Kusanyiko lile lilikuwa na viti vingi vya plastiki na viwili vya mbao, na hivyo viwili ndivyo vilivyolitofautisha na makusanyiko mengine ya mtaa. Vilikaa mbele, mahali ambapo zamani, jengo lilipokuwa ghala la rangi, makopo yalipangwa hadi darini. Sakafu bado ilikuwa na mabaka ya buluu yaliyoshinda kila aina ya sabuni. Kiti cha kushoto kilikuwa cha msimulizi. Cha kulia kilifunikwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyekikalia. Kilikuwa cha yule anayesimuliwa habari zake.

Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu. Kila Jumapili mtu mmoja aliitwa mbele aeleze habari za aliyemshika mkono na kumleta katika imani, awe mzazi, jirani au mwalimu, ilimradi awe ameshafariki. Kabla hajaanza, Mchungaji alikigeukia kile kitambaa cheupe na kusema, "Karibu." Masimulizi yakiisha, watu wote walijibu kwa sauti moja, "Tumempokea." Baada ya hapo ulikuja wimbo, halafu sadaka, halafu tangazo kuhusu choo kilichoziba.

Mama Miwani alikaa safu ya nyuma. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake: alisaga vioo vya miwani katika chumba chembamba nyuma ya duka, akiwa na mashine inayonung'unika, beseni la maji yenye unga wa kioo, na taa moja kali. Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba watu wengi huona vibaya bila kujua, na kwamba ukiwaambia hununa. Kanisani alikwenda kila wiki. Kama angeulizwa iwapo anaamini, angeomba apewe swali jingine.

Ukweli wake ulikuwa mdogo, na aliutunza kama mtu atunzavyo kiberiti msimu wa mvua. Hakuwa na hakika juu ya Mungu. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba Shangazi yake alimwamini Mungu, na kwamba Shangazi hakuwa mjinga.

Shangazi ndiye aliyemlea. Alipiga pasi mashuka ya hoteli kwa maisha yake yote, na alisali hapohapo akiwa amesimama, pasi mkononi, bila kufumba macho, maana aliyefumba macho huunguza shuka na kukatwa mshahara. Alizungumza na Mungu kama anavyozungumza mtu na muuza mkaa aliyechelewesha mzigo. "Leo sina la kukwambia," alikuwa akisema, "nimechoka, nawe naona umechoka. Tunyamaze wote." Na mtoto alipomuuliza mambo makubwa, kwa nini mama amekufa, amekwenda wapi, Shangazi aligeuza shuka upande wa pili na kusema, "Sijui, mwanangu." Kisha aliendelea kupiga pasi na kusali. Ilikuwa imani yenye "sijui" katikati yake, kama shimo la kitufe, na kwa Mama Miwani hiyo ndiyo pekee iliyowahi kumkaa mwilini.

Mambo yalianza na Dereva wa lori, mteja wake wa miaka mingi. Jumapili moja alikalia kile kiti na kusimulia habari za babu yake. "Babu yangu alikuwa mtu wa sala," alisema. "Alfajiri alinishika mabega, akaniambia, fumba macho, mjukuu wangu, ndipo utakapoona." Alinyamaza kidogo, akafuta uso. Wanawake walitoa leso. Tumempokea.

Siku chache baadaye alifika dukani kuchukua miwani yake mipya, na Mama Miwani akamvisha, akairekebisha masikioni.

"Babu yako angekuona na fremu hii, angekucheka mpaka meno ya bandia yamtoke," alimwambia.

"Babu yangu alikuwa mtu wa sala."

"Nimesikia. Na mwizi wa kete."

"Kete gani?"

"Za drafti! Si wewe uliyeniambia anazifagia kwa mkono wa koti huku akijifanya anakohoa?"

Dereva alicheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka utani wa familia ya wengine. "Umemchanganya na babu wa mtu, Mama Miwani. Wangu alikuwa mtu wa sala. Alfajiri alinishika mabega, akaniambia, fumba macho, mjukuu wangu, ndipo utakapoona." Akanyamaza kidogo. Akafuta uso. Ulikuwa ukimya uleule, mahali palepale.

"Alikuwa mrefu?"

"Nani?"

"Babu yako, kaka. Mrefu au mfupi?"

Dereva alitafuta jibu kwa bidii. Macho yake yalizunguka nyuma ya vioo vipya kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi katika chumba asichokijua. Kisha alitulia, na uso wake ukawa mwepesi, karibu wa furaha.

"Alikuwa mtu wa sala," alisema.

"Na kuku? Ulinihadithia jinsi alivyowaogopa kuku, mtu mzima na ndevu zake. Tulicheka mpaka mteja mwingine akaondoka."

"Kuku?" alisema Dereva. "Hapana." Alilipa, akashukuru, akatoka.

Mama Miwani alijipa maelezo, kwa kuwa maelezo hayakuwahi kumpungukia. Mtu hukariri hotuba yake mpaka ikafunika mengine. Mtu huona haya kumtaja marehemu na kuku katika sentensi moja. Hata hivyo, alipokwenda zahanati kupima shinikizo la damu, alijikuta anamchungulia Muuguzi, ambaye wote walimwita Sista, na ambaye miezi michache kabla alikuwa amesimulia habari za dada yake mkubwa. Picha ya dada huyo ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya mizani: mwanamke mwenye mwanya, ameshika nanasi kama mtoto mchanga.

"Bado mnafanana," alisema Mama Miwani, akiinyoshea kidole.

Sista aliiangalia picha. Aliikaribia, akainamisha kichwa. "Hii? Kuna mgonjwa aliisahau hapa. Kila siku nasema nitaiondoa, nasahau." Akamfunga mkanda mkononi, akauvuta. "Mbona mapigo yako yanakwenda mbio, Mama? Umepanda ngazi?"

Zahanati ile haikuwa na ngazi.

Haifai kusema kwamba kiti kilifanya jambo lolote. Kiti ni mbao, na kile kilikuwa cha mbao duni. Lakini Mama Miwani aliporudi nyumbani alipanga moyoni, bila kutaka, wale wote waliowahi kukaa mbele, na hakumkumbuka hata mmoja aliyewahi kuongeza neno juu ya yale aliyosema siku ile. Walikuwa watulivu mno. Walikuwa na amani ya mtu aliyekwisha kuhamisha vyombo.

Binti yake alimkuta jikoni.

"Mama, Mchungaji kasema Jumapili ijayo. Mimi ni wa kwanza kuingia kwenye maji."

"Hongera, mwanangu."

"Si hongera tu. Unajua utaratibu. Habatizwi mtu mpaka mzazi wake akae mbele asimulie. Baba hayupo, amebaki nani? Paka?"

"Paka anaongea vizuri kuliko mimi."

"Mama!" Binti alivuta stuli, akakaa karibu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na ushei, na alisubiri ubatizo huo kwa shauku iliyomshangaza mama yake. "Simulia habari za Bibi. Dakika chache tu. Pasi, mashuka, zile sala zake za kugomba. Watu watalia mpaka basi."

"Na baadaye?"

"Baadaye nini?"

Mama Miwani alimtazama mwanawe na kuona kwamba maneno yote aliyokuwa nayo yangesikika kama maneno ya mtu anayehitaji kulala. "Nitakaa," alisema. "Usinisumbue."

Kesho yake, mchana, alimkuta Mchungaji ghalani akizibua kile choo kwa mikono yake mwenyewe, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kuhojiwa.

"Mchungaji, wewe ulisimulia habari za nani?"

"Za mama yangu, dada. Mimi ndiye niliyefungua ule utaratibu." Alijinyoosha. "Mama yangu alikuwa mwanga wa nyumba yetu."

"Aliitwa nani?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye waya alioushika. Mchungaji alifungua kinywa, na kwa kitambo kifupi Mama Miwani aliona kwenye uso wake kile alichokiona kwa Dereva, ule mkono unaopapasa ukuta. Kisha kikapita.

"Mwanga wa nyumba yetu," alisema kwa upole. "Dada, naona linalokusumbua. Lakini kushuhudia ni kutoa. Mtu hatoi kitu akabaki nacho."

"Na anayepokea ni nani?"

"Sisi," alisema Mchungaji, akainama tena. "Sote kwa pamoja."

Wiki ile Mama Miwani alifanya kazi vibaya. Alijiuliza mambo mawili tu, naye alijua hayatapatana. Akikataa kukaa, Binti angerudishwa nyuma mbele ya watu wote, aibu ambayo asingeisahau. Akisimulia habari za Shangazi, angebaki na sentensi chache nzuri kuhusu mwanamke mcha Mungu na pasi, na uzi ule mmoja uliomfunga kwenye dini ungekatika bila yeye kusikia hata maumivu. Angekuwa na amani. Wazo hilo la mwisho ndilo lililomtisha kuliko yote.

Ndipo alipoamua kusema uongo, na kwa kuwa alikuwa fundi, aliamua kuusema vizuri.

Alimtengeneza mzee. Alimsaga polepole kama kioo, akimpima kila siku dhidi ya mwanga. Alimfanya mpiga kengele wa kanisa la utotoni mwake, kazi isiyo na makuu wala mashahidi. Alimpa koti la kahawia, na peremende za mnanaa mfukoni. Alimpa magoti yasiyokunjika, kwa kuwa mtu asiye na kilema haaminiki, hivyo mzee hakuwahi kukaa. Popote alipofika alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango. Alimpa pia majibu, maana alikuwa ameona kwamba kusanyiko linapenda watu wenye majibu. Umuulize nini mzee huyu, alikujibu. Mwishowe, kwa raha ya fundi asiyejua kuacha, alimpa kifungo kimoja cheusi kwenye koti lenye vifungo vya kahawia, kisha akaamua kutokitaja. Kilikuwa kipande cha siri cha kazi yake, kama alama ndogo wanayoiweka mafundi pembeni mwa kioo ili wenyewe tu wajue.

Jumapili ikafika. Ghala lilijaa. Pembeni pipa kubwa la maji lilimsubiri Binti na wenzake. Mama Miwani alikaa kwenye kiti cha kushoto na kukuta kina vuguvugu.

"Karibu," alisema Mchungaji kwa kile kitambaa cheupe.

Akaanza. Alisimulia vizuri. Alimleta mzee kwenye kizingiti cha darasa la watoto, akamfanya agawe peremende, akampa maneno juu ya kifo na juu ya mbingu ambayo yeye mwenyewe asingeyaamini hata kwa kulipwa. Alikuwa amefika katikati alipogundua kwamba hakuna anayemwangalia, wala anayekiangalia kile kiti. Wote walikuwa wamegeuza shingo kuelekea nyuma. Walitazama mlangoni. Mwanamke aliyekaa karibu na mlango alivuta miguu yake kando na kuusogeza mkoba wake, kama mtu anayempisha mwenzake.

Mlango ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na jua tu.

Mama Miwani alimaliza haraka.

"Tumempokea," walisema wote, bado wamempa visogo.

Binti alizamishwa, akaibuka, akafunikwa taulo. Alimkumbatia mama yake akamlowesha blauzi nzima. "Asante, Mama," alimnong'oneza. "Nilikuwa nimemsahau kabisa yule mzee."

"Mzee yupi?"

"Wako! Si alikuja kwenye maziko ya Bibi? Mimi nilikuwa mdogo, nalia, akanipa peremende. Watu wakampa kiti, akakataa."

"Mwanangu, kwenye maziko ya Bibi hakukuwa na mzee."

"Ulikuwa unalia, Mama. Ungemwonaje?"

Mama Miwani alijiambia kwamba ni mhemko wa siku yenyewe. Mtoto husikia habari mbele ya watu na kuivuta ndani ya kumbukumbu zake. Vitabu vimejaa mifano. Maelezo hayo yalidumu mpaka Dereva alipoingia dukani, skrubu ya miwani yake imelegea.

"Nimekumbuka jambo!" alisema kabla hata ya salamu. Uso wake ulikuwa na uhai ambao hakuwa nao tangu siku yake ya kusimulia. "Yule mzee wako bwana, alikuwa mwizi wa kete balaa! Anacheza amesimama, anazifagia kwa mkono wa koti, anajikohoza. Nami nipo pembeni nakufa kwa kicheko."

Mama Miwani aliweka bisibisi mezani taratibu. "Alikuwa anacheza na nani?"

"Na..." Dereva alisita. "Na mimi, nadhani. Mimi peke yangu. Halafu anaogopa kuku! Mtu mzima!" Akacheka mpaka akashika meza, nayo ilikuwa furaha ya kweli, ya mtu aliyerudishiwa mali.

Kwenye zahanati picha ya mwenye mwanya haikuwepo tena, na Sista, akimfunga mkanda mkononi, alimweleza jinsi mzee wa kengele alivyombeba mgongoni siku aliyovunjika mguu, na alivyopenda mananasi, mzee wa watu. Hakuna aliyejua kwamba ana pengo, ndiyo maana hakuna aliyeuliza ni nani aliyeingia kuliziba.

Alimwendea Mchungaji, akamkuta anapanga viti, akamwambia waziwazi. "Nilidanganya. Mzee yule sikumjua. Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga nikiwa kazini."

Mchungaji alicheka kwa mapenzi. "Dada, hata unyenyekevu una mpaka wake."

"Si unyenyekevu. Ni uongo."

"Uongo?" Aliweka kiti chini. "Mama yangu alipokuwa akikata roho alisimama mlangoni mchana kutwa. Hakutaka kukaa. Kila nilichomuuliza alinijibu. Unataka kuniambia huyo alikuwa nani?"

"Mama yako au mzee? Ni nani unayemkumbuka? Mama yako alikuwa na sura gani?"

"Mwanga wa nyumba yetu," alisema Mchungaji.

"Na mzee?"

"Koti la kahawia. Lilimpwaya mabegani. Kifungo kimoja kilikuwa cheusi. Nadhani kile cha kwanza kilipotea, naye hakuwa na mke wa kumshonea." Alitabasamu. "Mtu akishapokelewa, dada, hafukuzwi."

Mama Miwani alirudi dukani kwa miguu. Njiani alitafuta maelezo ya kile kifungo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupata hata moja la kujidanganyia.

Chumba cha kazi kilikuwa kama alivyokiacha. Saa za alasiri mwanga wa dirishani ulilala juu ya beseni, na unga wa kioo ulikuwa umetua chini. Hakuwasha mashine. Alikaa, akaweka mikono juu ya meza, akamwita Shangazi.

Alikuja. Alikuja mzima, na Mama Miwani karibu alie kwa shukrani. Hakuna kilichopotea: kilemba kilicholegea, kovu la mvuke kwenye kiganja, harufu ya shuka linaloanza kukauka, tabia ya kugonga pasi mara moja pembeni kabla ya kuishusha. Alikuwa hajamtoa. Alikuwa amemficha vizuri, na wakati wengine wote waliwapoteza wa kwao, yeye alibaki na wake. Alijiona, mtoto, chini ya meza ya kupigia pasi, akiangalia miguu ya Shangazi. Akauliza lile swali la zamani: mama amekwenda wapi?

Juu ya meza pasi ilisimama. Huo ndio muda ambao siku zote Shangazi aligeuza shuka. Mtoto alingoja asikie shuka likigeuzwa, na hakusikia, akachungulia.

Mlangoni palikuwa na viatu. Vilikuwa viatu vya mwanamume, vya vumbi, vimesimama sawasawa kwenye kizingiti bila kuvuka. Juu yake suruali isiyokunjika magotini, na pindo la koti la kahawia. Hakuwa na haraka. Alikuwa anajua jibu, na alikuwa amengoja miaka mingi aulizwe katika nyumba hii, lakini alikuwa mtu wa adabu. Asingeingia wala kusema mpaka mwenye nyumba amkaribishe.

"Usimwangalie," alisema Mama Miwani kwa sauti, peke yake, dukani. "Shangazi, hayupo. Nimemtunga mimi. Geuza shuka. Sema hujui."

Shangazi alikuwa amekwisha kuinua uso. Katika maisha yake hakuwahi kumwacha mgeni amesimama mlangoni. Alifuta mkono kwenye kanga, na tayari alikuwa ameweka pasi chini.